Pikapu au Gari la Nyumba: Historia ya Chaguo Moja la Ukoo

Miongoni mwa maswali ambayo vijana wa ukoo hutuletea sisi wazee, moja limezidi kurudi katika miaka hii: mtu mwenye mke, watoto watatu na mzazi mtu mzima anunue nini, pikapu kubwa au SUV ya ukubwa wa kati? Wengi hulitazama kuwa ni swali la bei na nguvu za injini. Mimi naliona kuwa ni swali la historia, kwa kuwa watu wetu wamekwisha kulijibu zaidi ya mara moja, na kila jibu liliacha alama yake katika mashamba yetu na katika mahusiano yetu.

Tuanze na asili. Mwaka 1925 kampuni ya Ford iliuza Model T iliyotoka kiwandani ikiwa tayari na sanduku la mizigo nyuma, kwa dola 281. Kabla ya hapo mkulima wa Marekani alizoea kumpa fundi kazi ya kumtengenezea sanduku lake. Miaka 10 baadaye, mwaka 1935, Chevrolet ilichukua fremu ya lori dogo, ikaijengea bodi ya chuma iliyofunikwa, ikatia viti vya watu 8 na kuliita gari hilo Suburban Carryall. Kwa hivyo magari haya mawili ni ndugu wa tumbo moja: mmoja alikabidhiwa mizigo, mwengine akakabidhiwa watu.

Wazee wetu hawakuujua mgawanyo huo. Ngamia wa Sharqiya alibeba tende, na akambeba mwenye tende. Kule Unguja, gari la ng'ombe lilishusha nazi na karafuu mjini, likarudi shamba na unga, mafuta ya taa na watoto waliochoka kutembea. Hata yalipokuja magari ya abiria yenye bodi za mbao, watu walikaa ndani na matenga ya muhogo yakakaa juu ya paa, safari ikawa moja.

Oman ilichelewa kuyapata magari. Mwezi wa Disemba 1955 Sultan Said bin Taimur alisafiri kwa msafara wa magari kutoka Salalah, akakata jangwa hadi Nizwa, na mwandishi James Morris aliyefuatana naye akaitungia kitabu safari hiyo. Lakini hata Sultan Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970, barabara ya lami katika nchi nzima haikuzidi kilomita 10 hivi. Katika nchi ya namna hiyo mtu hakuchagua gari kwa uzuri wake. Alichagua lile litakalovuka wadi na changarawe. Hilo lilikuwa Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, na baada yake Toyota Land Cruiser.

Ndipo waliporejea watu wetu. Baada ya Januari 1964 walikuwa wametawanyika Dubai, Kuwait, Cairo na Uingereza. Walipoitwa warudi kuijenga nchi, walikuja na Kiingereza chao, hesabu zao na uzoefu wa kazi za ofisini. Wakaajiriwa wizarani, jeshini, polisi na katika kampuni ya mafuta, wakapanga nyumba Matrah na Ruwi. Gari lao la kwanza, kwa wengi, lilikuwa saluni ndogo ya Kijapani. Binamu zao wa Ibra, Mudhaibi na Rustaq walinunua pikapu. Kuanzia mwaka 1984 ikaja Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambayo pikapu yake katika Ghuba hujulikana kwa jina la shasi.

Katika ukoo wetu pikapu ya kwanza ilikuwa ya ami yangu, aliyekuwa na shamba la mitende lililonyweshwa kwa falaj. Kwa karatasi ilikuwa mali yake. Kwa matumizi ilikuwa mali ya kijiji. Asubuhi ilibeba majani ya mbuzi, mchana mapipa ya maji, na siku ya harusi masufuria na mazulia. Sisi wa mjini tulipokwenda sikukuu, ndiyo iliyotupokea pale lami ilipokatika. Mwenye pikapu hakuwa na ruhusa ya kusema hana nafasi.

Hata hivyo tusiipambe kupita kiasi. Waliokaa nyuma walikuwa wanawake na watoto, juani na vumbini, na kila jiwe la wadi liliwarusha. Bibi yetu, aliyekuwa na maumivu ya mgongo, alipandishwa kiti cha mbele kwa kusaidiwa na watu wawili, na baadaye akaacha kabisa kwenda shamba. Pikapu ilikuwa na ukarimu mwingi, lakini haikuwa na huruma.

Lami ilipofika vijijini, mambo yakageuka. Stesheni wageni ya Land Cruiser ya mfululizo wa 60 ilikuja mwaka 1980. Mwaka 1990 ikafuatia Prado, na huko Marekani mwaka huohuo Ford ikatoa Explorer, iliyoifanya SUV ya kati kuwa gari la kila nyumba. Wazee walirudi kulitembelea shamba wakiwa katika kiti laini na hewa baridi, na hiyo ilikuwa haki yao.

Lakini gari hilo liligeuza pia sura ya safari. Mtu hamwagi mbolea juu ya zulia la gari lake, wala harudi na makuti juu ya viti vya ngozi. Familia nyingi zikawa zinakwenda shamba kuzuru, si kufanya kazi. Kazi ikaachiwa vibarua, na nyumba nyengine zikauza zamu yao ya maji, ile inayohesabiwa kwa athar, yaani takriban nusu saa. Sisemi kwamba gari liliyaua mashamba. Ajira za mjini, shule za watoto na umbali vilitangulia. Gari lilifuata tu, na likaonyesha waziwazi kuwa tumekuwa watu gani.

Sasa nirudi kwa kijana wetu. Pikapu kubwa ya Kimarekani yenye milango minne hukaribia urefu wa mita 6, ilhali SUV ya kati haipiti sana mita 5. Mita hiyo moja utaijua siku utakapoingia katika sikka ya kijiji, ukuta wa udongo huku na mfereji kule. Pikapu ikiwa tupu, springi zake za mabamba huruka, na mgongo wa mzee ndio unaolipa. Petroli nayo si ile ya zamani: kabla ya mwaka 2016 lita ya M95 ilikuwa baisa 120, kisha ruzuku ikaondolewa; bei iliyokuja kuwekewa kikomo ni baisa 239. Tena, SUV nyingi za leo huendeshwa kwa magurudumu mawili tu. Anayetaka kupanda Jabal Akhdar atarudishwa na polisi hapo Birkat al-Mawz kama gari lake haliendeshwi kwa magurudumu yote manne, hata likiwa refu na la fahari.

Kwa jamaa zetu walioko Marekani, ambako pikapu za Ford F-Series zimeongoza mauzo ya pikapu tangu mwaka 1977, kipimo changu ni kimoja: hesabu siku ulizobeba mzigo mwaka uliopita, kisha hesabu siku ulizombeba mama yako.

Rai yangu ni hii. Nyumba yenye mzazi na watoto inunue SUV ya kati, na ihakikishe ni ya magurudumu manne. Lakini ukoo usikose pikapu. Ndugu wanne au watano wachangie moja iliyotumika, ilazwe shambani, na itumiwe kwa zamu ileile waliyoifuata wazee katika maji ya falaj: kila mmoja na siku yake, na mwenye harusi au msiba atangulie. Aliye tayari kuchangia na alete jina lake kabla ya msimu wa kuvuna tende, kwani mitende iliyobaki bado inahitaji mbolea, na mbolea haipandi katika Prado.