Barabara ya Masisi na deni la waliovunjika

Simama Sake, mashariki mwa Kongo, asubuhi, pale njia ya Masisi inapoanza kupanda milima. Pikipiki zinashuka moja baada ya nyingine: viazi, makaa, jibini, kuku waliofungwa miguu. Nyuma ya motari, dereva wa pikipiki ya abiria, amekaa mama na watoto wawili. Kofia ngumu ni moja tu, nayo imetundikwa kwenye usukani, itavaliwa polisi wa rulaje, wale wa barabarani, wakionekana.

Sheria ya kumlinda mama huyo ina umri mkubwa kuliko pikipiki aliyopanda. Tangu amri ya 30 Julai 1888, kifungu cha 258 cha sheria ya madai ya Kongo kinamtaka anayemdhuru mwenzake kwa kosa lake alipe. Mwaka 1966 serikali iliunda SONAS, shirika la bima la taifa. Tarehe 5 Januari 1973 ikatoka sheria inayolazimisha kila chombo chenye injini kiwe na bima ya ajali, ili majeruhi alipwe hata kama dereva hana kitu. Agosti 1978 ikafuata sheria ya barabara, pamoja na masharti yake ya leseni.

Enzi hizo mazao ya Masisi yaliteremka kwa malori, na kwenye vilima chukudu, kile chombo cha mbao cha kusukuma mizigo, likamaliza kazi. Lori lilikuwa na tajiri anayejulikana. Ukigongwa, ulijua mlango wa kubisha.

Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea hadi Masisi. Vita vikafuatana, barabara zikaachwa, madaraja yakaoza. Wakati kasiteriti, madini ya bati ya mgodi wa Bisie, ilipoanza kutoka, miaka ya 2000, ilibebwa mgongoni kupita msituni. Ndipo pikipiki za Kihindi, Boxer na TVS, zilipopata nafasi yao: zinapita palipozamisha lori la Fuso. Leo ndizo zinazompeleka mjamzito hospitali, ndizo zinazoleta dawa na chumvi. Anayewabeza wamotari hajawahi kuuguliwa kijijini Kashebere wakati wa mvua.

Lakini kijana anayeendesha pikipiki hiyo amejifunzaje? Kwa rafiki, siku chache kwenye uwanja wa mpira. Pikipiki si yake. Kila jioni ana fedha ya kumpelekea mwenye pikipiki, na hiyo ndiyo inayomfanya akimbie kwenye utelezi. Njiani kuna vizuizi. Hapa analipa jetoni, kikaratasi cha ushuru, kule analipa "lala salama" kwa wenye bunduki. Mwambie atoe karatasi mfukoni: atakuonyesha risiti nyingi zilizolowa jasho. Analipia barabara kila siku, na katika malipo hayo yote hakuna hata faranga moja itakayomtibu aliyevunjika mguu.

Ajali ikitokea, wazee huketi. Mwenye pikipiki, motari na familia ya majeruhi wanakutana kwa chifu, wanapatana gharama ya matibabu, wanatia sahihi kwamba hawadaiani tena. Wamotari wenzake huchanga. Siudharau utaratibu huo. Umezuia visasi vingi, na fedha hufika kabla jeraha halijaoza. Ubaya wake ni ile sahihi. Mfupa wa paja unaweza kuchukua miezi kupona, na mkulima asiyeshika jembe msimu mzima hupoteza zaidi ya bili ya kwanza. Anaporudi kudai, anaonyeshwa karatasi.

Sheria mpya ya bima ya 17 Machi 2015 iliondoa ukiritimba wa SONAS, na kampuni binafsi zikapata vibali kuanzia 2019. Zilijikita mijini. Kisha waasi wa M23 waliteka Masisi mjini Januari 2025, Goma tarehe 27 mwezi huo huo, na Walikale mjini mwezi Machi kabla ya kuondoka huko. Benki za Goma zikafungwa. Mtu wa Nyabiondo, huko Masisi, aliyegongwa mwaka ule angemshitaki nani, na wapi?

Hata hivyo haki yake haikufutwa. Kwa hiyo, msomaji, ukigongwa au ukimuuguza aliyegongwa, andika namba ya pikipiki na jina la mwenyewe, tafuta mashahidi wawili, tunza kila karatasi ya hospitali. Mkipatana kwa chifu, pokea fedha ya matibabu, lakini usitie sahihi ya kumaliza madai kabla daktari hajasema umepona.