Waridi geni bustanini: Huenda ni shina la chini lililochipuka

Katika bustani nyingi nchini Marekani huchanua waridi jekundu ambalo mwenye bustani hakumbuki kulipanda. Alinunua la manjano au jeupe. Miaka michache baadaye akaona rangi nyingine. Aghalabu mgeni huyo ni 'Dr. Huey'.

Mawaridi mengi yanayouzwa ni mimea miwili iliyounganishwa. Chipukizi la aina inayotakiwa hupandikizwa kwenye shina la aina nyingine yenye mizizi imara. Baridi kali au ukame ukiua sehemu ya juu, mizizi husalia hai na kutoa matawi yake yenyewe. Mwenye bustani hudhani waridi lake limegeuka rangi, kumbe lilikwisha kufa, naye anaendelea kumwagilia maji mmea asioujua.

Maua ya 'Dr. Huey' ni ya rangi ya damu ya mzee, yenye upana wa sentimita 5 hivi, na petali zake si nyingi kiasi cha kuficha stameni za manjano katikati. Matawi yake ni marefu na huinama. Zaidi ya yote, huchanua mara moja tu kwa mwaka, majira ya machipuko. Dalili hii ina uzito kuliko rangi, kwani mawaridi mekundu hayana idadi.

Ithibati kamili imo udongoni. Shina lifukuliwe taratibu hadi kwenye kifundo cha kiungo. Matawi yakiwa yameota chini ya kifundo, ni ya shina la chini. Yakiwa yameota juu yake, jina litafutwe kwingine.

'Dr. Huey' halikuzalishwa liwe mtumwa wa mawaridi mengine. George C. Thomas wa Pennsylvania, ambaye pia alisanifu uwanja wa gofu wa Riviera jijini Los Angeles, alilizalisha mnamo 1914 na kulipa jina la Robert Huey, daktari wa meno wa Philadelphia. Sifa ya mizizi yake ilikuja kuyapiku maua yake.

Nchini Kenya, mashamba ya maua yametumia sana shina la 'Natal Briar', hivyo mche uliotoka huko ukigeuka, hilo ndilo la kushukiwa kwanza.

Iwapo sehemu ya juu ingali hai, machipukizi ya chini yang'olewe kwa mkono pale yanapoanzia. Yakikatwa kwa makasi, huota tena.