Etel Adnan: kazi za miaka ya mwisho
Etel Adnan (Beirut, 24 Februari 1925 – Paris, 14 Novemba 2021) alikuwa mshairi, mwandishi wa riwaya na mchoraji, Mlebanoni aliyeishi miaka mingi Marekani. Wasomaji walimjua kwa Sitt Marie Rose, riwaya ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Lebanoni. Michoro yake ilichelewa kutambuliwa: sifa ya kimataifa ilikuja baada ya maonyesho ya documenta 13, Kassel, mwaka 2012, naye ana miaka 87.

Uzee haukumpunguzia kalamu. Alitoa Night (2016) na Surge (2018), kisha Time (2019), mashairi ya Kifaransa yaliyotafsiriwa kwa Kiingereza na Sarah Riggs na kutunukiwa Tuzo ya Griffin mwaka 2020. Mwaka huohuo kikatoka Shifting the Silence, nathari ya vipandevipande inayokitazama kifo pasipo kilio. Michoro yake nayo ni midogo, rangi ya mafuta imepakwa kwa kisu, na mlima Tamalpais wa California hurudi humo mara kwa mara. Hasira, ambayo ni nyingi, aliiachia maandishi. Rangi zake zina furaha tupu. Oktoba 2021 jumba la Guggenheim, New York, lilimfungulia maonyesho.