Abiria na Serikali: Habari za Magari ya Umma Nairobi Tangu 1934



Katika mkutano wetu mkuu mama mmoja alisimama akalalamika kwamba mvua ikinyesha saa za jioni nauli huongezwa papo hapo, na mwenye fedha kamili za nauli ya asubuhi huachwa kituoni. Kisha akauliza: Je, Serikali haina mkono katika jambo hili? Halmashauri ilimwahidi jibu, nami nikaombwa kuliandika. Jibu lenyewe haliwezi kueleweka ila kwa kurudi nyuma.

Mabasi ya mji wa Nairobi yalianza mwaka 1934, kampuni moja ya London ilipoanzisha Kenya Bus Service kwa mabasi 13 katika njia 12. Kabla ya hapo Mwafrika aliyefanya kazi mjini alikwenda kwa miguu, au kwa baiskeli akijaliwa kuwa nayo. Miaka mitatu baadaye, yaani 1937, ilitungwa sheria ya leseni za usafiri, na chini yake ikawekwa Bodi ya kuamua ni nani apewe ruhusa ya kuchukua watu au mizigo kwa motokaa, na katika njia ipi. Yafaa msomaji aelewe shabaha ya sheria hiyo. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetumia mali nyingi kujenga reli, nayo haikutaka malori na mabasi yainyang'anye reli wateja wake. Basi mlango wa kwanza wa usimamizi ulifunguliwa ili kulinda reli. Abiria alinufaika pale tu faida yake ilipopatana na ya reli au ya kampuni.

Hata hivyo abiria wa siku zile hawakuwa mabubu. Mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, Mau Mau walipiga marufuku Waafrika wa Nairobi kupanda mabasi. Watu wa Pumwani, Kaloleni na mitaa mingine ya mashariki walikwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu. Si wote waliotembea kwa hiari. Wengine walitembea kwa hofu, na si haki kulificha hilo. Lakini ilionekana wazi kwamba basi bila Mwafrika ndani yake ni chuma kitupu.

Baada ya Uhuru Baraza la Mji wa Nairobi lilifanya mapatano na kampuni mwaka 1966. Baraza lilipata robo ya hisa, na kampuni ikapata haki ya kuwa peke yake katika kuchukua abiria mjini. Mimi naliona jambo hili kuwa la ajabu kidogo, kwani aliyepaswa kuwa mwamuzi sasa alikuwa pia mshirika katika faida. Wakati huohuo watu walikuwa wakimiminika mjini kutoka mashambani, na mitaa mipya ikaenea mahali ambapo basi halikufika. Huko ndiko zilikoshamiri gari kuukuu zilizotoza senti thelathini, yaani vipande vitatu vya senti kumi, nazo zikaitwa matatu. Kwa sheria zilikuwa za magendo. Kwa mwenye kuamka alfajiri zilikuwa msaada.

Mwaka 1973 Rais Kenyatta alitangaza kwamba matatu ziruhusiwe kuchukua abiria bila kuhitaji leseni ya Bodi. Wananchi wengi walipata kazi, na gari zikaongezeka. Lakini leseni ilipoondolewa, uliondoka pia ule ukaguzi mdogo uliokuwapo. Gari ikijaa kupita kiasi, breki zikiwa mbovu, abiria hakuwa na mahali pa kushtaki. Ilichukua miaka kumi na mmoja hadi sheria ya 1984 ilipozirudisha matatu chini ya leseni na ukaguzi. Mwaka 1986 Serikali yenyewe ilijaribu kuendesha mabasi, yale ya Nyayo, ambayo wengi wetu tuliyapenda kwa nauli yake nafuu. Kabla ya miaka kumi kwisha, shirika hilo lilikuwa limeanguka.

Kanuni zinazokumbukwa zaidi ni zile za Waziri John Michuki, zilizotolewa 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 2004. Kila gari ilitakiwa kuwa na mikanda ya usalama, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na mstari wa manjano ubavuni; dereva na kondakta wavae sare; wala pasiwe na abiria wa kusimama. Kwa siku kadhaa gari nyingi hazikutoka, na watu walitembea kama babu zao wa 1953. Abiria asiyefunga mkanda naye alihesabiwa mkosaji. Kisha gari zikarudi, kila mtu na kiti chake, na wazee walishukuru kuketi bila kukaliwa magotini. Lakini yalikuwapo malipo. Gari ya watu 14 haikuweza tena kuchukua 20, basi pengo lile likajazwa kwa kupandisha nauli. Kanuni zilitaja mkanda, mwendo, rangi na sare. Bei ya safari iliachwa kwa mwenye gari.

Hapa, ndugu zangu, ndipo lilipo jibu la yule mama. Sheria ya 2012 iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama ilichukua kazi za ile Bodi ya zamani, na kanuni za 2014 zikataka wenye magari wajiunge katika vyama au kampuni za angalau magari 30. Mwaka huohuo 2014 ulijaribiwa mpango wa kulipa nauli kwa kadi, ambao ungaliacha alama ya kila senti iliyotozwa. Wenye magari na makondakta hawakuupenda, nao ukafa. Mkono wa Serikali upo juu ya gari, dereva na njia. Juu ya nauli ya matatu haupo.

Wenye magari wamekuwa na vyama vyao tangu miaka ya themanini. Abiria hukutana kwa nusu saa, kisha kila mmoja hushuka kituo chake, na ni vigumu watu wa namna hiyo kuchagua katibu.

Mwaka 2020, kwa ajili ya maradhi ya korona, gari ya abiria 14 iliamriwa kuchukua wanane tu, na nauli ikapanda. Agosti 2021 viti vyote viliruhusiwa tena. Katika njia ninayoitumia mimi viti vilijaa siku ileile. Nauli ya zamani haikurudi wiki ile, wala iliyofuata. Halmashauri imeazimia kuandika kila nauli itakayoletwa na mwanachama, pamoja na siku, saa na njia, na daftari hilo limekwisha funguliwa kwa karani wetu.