Litowa: Kijiji cha Songea kilichojiongoza chenyewe

JUMUIYA ya Maendeleo ya Ruvuma (RDA), iliyoanzia Litowa, Songea, mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, iliunganisha takriban vijiji 17. Mambo makubwa yaliamuliwa katika mkutano wa wanakijiji wote, si kwa amri ya mtu mmoja.

Mshauri wake, Mwingereza Ralph Ibbott, aliishi papo hapo kijijini na mkewe Noreen na watoto wao, jambo adimu kwa washauri. Jumuiya ilimiliki mashine ya kusaga nafaka, kiwanda cha kupasua mbao na karakana.

Mwalimu Julius Nyerere aliiunga mkono. Hata hivyo, Septemba 24, 1969, Kamati Kuu ya TANU iliivunja na mali zake zikachukuliwa.