Mgeni Akitaka Kuasili Mtoto wa Kitanzania: Sheria Inasemaje?

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani Kwashemshi, Korogwe. Bibi mmoja jirani yetu, mstaafu wa shamba la mkonge, akaniita pembeni: "Mjukuu wangu, hebu nisomee hii."

Karatasi ya Kiingereza. Kuna mgeni alikuja kujitolea, akampenda mjukuu wake yatima wa miaka 4, anataka kuondoka naye. Bibi alielewa mtoto anakwenda kusoma na likizo atarudi. Karatasi inasema anamtoa moja kwa moja! Bahati nzuri dole gumba lilikuwa halijawekwa. Nikamwambia, bibi, subiri kwanza.

Nimechimba, nawawekea hapa.

KUASILI NI NINI?
Ni amri ya mahakama. Mtoto anakuwa wa wazazi wapya kisheria, na haki za waliomzaa zinakatika. Si ufadhili wa masomo. Barua ya mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji haitoshi, hata ikiwa na mihuri kumi.

SHERIA YETU
Bara tunayo Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009. Asiye raia anaruhusiwa kuasili, ila:

1. Ionekane mtoto hawezi kupata familia au malezi yanayofaa hapa hapa nchini.
2. Mwombaji awe amekaa Tanzania miaka 3 mfululizo.
3. Awe amemlea mtoto huyo kwanza, chini ya usimamizi wa ofisa ustawi wa jamii.
4. Asiwe na rekodi ya jinai, kwao au kwingineko.
5. Awe na mapendekezo ya mamlaka za ustawi wa jamii za kwao.
6. Mahakama iridhike kwamba nchi yake itaitambua amri hiyo.

Shauri la mgeni ni la Mahakama Kuu, kwa sisi wa Korogwe na Handeni ni Kanda ya Tanga. Na kulipana ili mtoto atolewe, marufuku. Zanzibar wana Sheria ya Mtoto Na. 6 ya 2011, inayotambua pia kafala: mtoto analelewa, nasaba yake haibadiliki.

MIKATABA
Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa mwaka 1991, na ule wa Afrika mwaka 2003. Huu wa Afrika unasema wazi kuasiliwa nje ya nchi ni njia ya mwisho. Upo pia Mkataba wa The Hague wa 1993, ambapo kila nchi huwa na mamlaka kuu, na hizo mamlaka zinakaguana kabla mtoto hajavuka mpaka. Kenya ilijiunga mwaka 2007. Sisi hatumo. Kwa hiyo ngao yetu ni hiyo miaka 3, ofisa ustawi na jaji.

KWANI KUNA HATARI GANI?
Chad, 2007: Wafaransa walikamatwa wakitaka kusafirisha watoto 103, eti yatima wa Darfur. Wengi wao walikuwa na wazazi hai! Congo ilisitisha vibali vya kutoka mwaka 2013, Ethiopia ikapiga marufuku mwaka 2018. Uganda wageni walikuwa wakipewa ulezi tu mahakamani kisha wanaondoka na mtoto, mpaka sheria ikabadilishwa mwaka 2016. Mwaka 2020 Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda na wakili kwa mchezo huo. Wazazi waliambiwa nini? Mtoto anakwenda kusoma. Kama bibi yetu.

Sisemi wageni wote ni wabaya. Wapo waliofuata sheria na watoto wakapata wazazi wa kweli.

Nilimpeleka bibi ustawi wa jamii wilayani. Swali la kwanza: mgeni ana muda gani nchini? Miezi 5. Basi, hapo hapo ikaisha. Bibi akaambiwa, kama anampenda mtoto, amlipie ada huku akiwa kwako. Mgeni hajajibu mpaka leo.

Kama kwenu kuna karatasi ya namna hii, isomwe kwanza kwa Kiswahili mbele ya ofisa ustawi, ndipo kidole kiguse wino. Naomba kuwasilisha.