Tufe Lililookotwa Majini

Karibu na mwanzo wa The Return of the King, filamu ya tatu ya The Lord of the Rings, Pippin anashuka kwenye farasi, anaingia kwenye maji ya mafuriko yaliyouzunguka mnara wa Orthanc, na kuokota tufe zito jeusi. Gandalf analidai upesi na kulifunika kwa joho lake. Tufe hilo ndilo litakaloisukuma sehemu kubwa ya hadithi iliyobaki: usiku Pippin atalinyemelea, atalitazama, adui Sauron atamwona, na Gandalf atalazimika kumtorosha hadi mji wa Minas Tirith. Lakini lilifikaje majini?

Mimi niliiona filamu hiyo mara ya kwanza kwenye kibanda cha video, juu ya benchi la mbao, kwa diski iliyonakiliwa na kunakiliwa tena. Swali la tufe lilizua ubishi hapohapo. Mmoja wetu alisema diski imeruka. Hakuwa mbali na ukweli. Diski ilikuwa nzima. Filamu yenyewe ndiyo iliyokatwa, na kilichokatwa ni kifo cha mwenye tufe.

Jibu lilikuwa kwenye diski nyingine, iliyotoka Marekani tarehe 14 Desemba 2004. Humo mchawi Saruman anatokea juu ya mnara wake, anabishana na waliokuja kumzingira, kisha mtumishi wake Grima, aliyechoka kudhalilishwa, anamchoma kisu mgongoni. Saruman anaporomoka mpaka chini na kuangukia gurudumu lenye miiba, na tufe linamponyoka na kuzama majini. Ni dakika chache tu. Bila hizo, filamu yenye tuzo 11 za Oscar inatuonyesha mtu akiokota kitu ambacho hakuna aliyekiangusha.

Mwenye ukumbi wa sinema huihesabu siku kwa maonyesho. Filamu ya saa mbili anaweza kuionyesha mara tano tangu mchana hadi usiku. Ya saa tatu na nusu ataionyesha mara tatu, na viti ni vilevile. Zaidi ya hapo, wakati huo filamu ilikuwa bado kitu cha kubebwa mikononi. Mkanda wa milimita 35 hula mita 27 hivi kwa kila dakika moja. The Return of the King ilipoingia kumbini Desemba 2003 ilikuwa na dakika 201, yaani kilomita tano na nusu za mkanda, na kila ukumbi ulitaka nakala yake. Kwa hiyo mkasi una sababu zake, na sitaki kumfanya mhariri adui wa hadithi. Ninachotaka kusema ni kwamba mkasi una tabia. Hauanzi na vita, kwa sababu vita vimegharimu fedha nyingi na ndivyo vilivyochorwa kwenye tangazo. Huanza na mazungumzo ya watu wawili yanayoeleza kwa nini wa tatu amekuwa alivyo. Tendo hubaki, sababu ya tendo ikaenda.

Jambo hili ni la zamani kuliko diski. Frank Capra alipotengeneza Lost Horizon, hekaya ya bonde la Shangri-La ambako watu hawazeeki upesi, filamu ilianza kuonyeshwa San Francisco Machi 1937 ikiwa na dakika 132. Ilipoenea nchini ilikuwa imepunguzwa hadi 118, na baadaye ikapunguzwa tena. Kuanzia 1973 wahifadhi walihangaika kuikusanya vipande vipande. Sauti waliipata yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Picha zilipungua kwa dakika saba hivi, basi mahali hapo wakaweka picha mnato. Ukiitazama leo utafika sehemu ambapo watu wanaendelea kuongea huku nyuso zao zimeganda. Sijui namna bora zaidi ya kumwonyesha mtu maana ya filamu kukatwa.

King Kong ya 1933 ilipoteza zaidi. Merian C. Cooper alipiga picha mabaharia wakitupwa na Kong kutoka kwenye gogo hadi ndani ya shimo, wakaliwa na buibui na wadudu wakubwa. Kisha mwenyewe akaliondoa tukio hilo, kwa kuona kwamba linaizuia filamu isisonge mbele. Mkanda huo haujaonekana tena. Tutarudi kwenye shimo hilo.

Hata katika miaka ya 1980 mambo yalikuwa yaleyale. Ridley Scott alitengeneza Legend, hekaya ya msitu wenye farasi wa pembe moja na bwana wa giza mwenye mapembe. Marekani iliipata ikiwa na dakika 89, na hata muziki wa Jerry Goldsmith ulikuwa umetolewa na kuwekwa wa kundi la Tangerine Dream. Toleo refu la dakika 113, likiwa na muziki wa Goldsmith, lilitoka kwenye DVD mwaka 2002. Mwaka huohuo ndio uliobadilisha kila kitu.

DVD zilikuwa zimeanza kuuzwa Marekani mwaka 1997. Kanda ya video ilikuwa ikielekea kufa. Diski yenye tabaka mbili ilibeba picha safi, sauti ya pande zote za chumba, na nafasi ya ziada ambayo mwanzoni wengi waliijazia matangazo na mahojiano ya juujuu. Matukio yaliyokatwa yaliwekwa pembeni, kwenye orodha, uyatazame moja moja bila muziki, kama makombo ya vitambaa chini ya cherehani ya fundi.

Peter Jackson, mwongozaji wa The Lord of the Rings, na wenzake huko New Zealand walifanya jingine. Walikuwa wamezipiga filamu zote tatu kwa mkupuo mmoja, kuanzia Oktoba 1999 hadi Desemba 2000, kwa hiyo walikuwa na shehena ya picha isiyo ya kawaida. The Fellowship of the Ring ilitoka kumbini Desemba 2001 ikiwa na dakika 178. Agosti 2002 toleo hilohilo likauzwa kwenye DVD. Tarehe 12 Novemba, miezi mitatu na siku chache baadaye, likaja toleo la dakika 208, diski nne ndani ya kasha la kijani lililotengenezwa kama kitabu kikuukuu. Mbili zilikuwa za filamu yenyewe, na sehemu ya kwanza ilikomea kwenye baraza la Elrond, mahali ambapo hata msimuliaji wa barazani angenyamaza akaomba maji ya kunywa. Mbili nyingine zilieleza kazi ilivyofanyika, toka viraka vya mavazi hadi ufinyanzi wa mazimwi.

Hapakuwa na makombo pembeni. Filamu ilihaririwa upya, matukio yakarudishwa mahali pake, michoro ya kompyuta ikakamilishwa, na Howard Shore akatunga na kurekodi muziki mpya wa kuyafunika maungio. Kampuni ya New Line iliuza hadithi moja mara mbili kwa watu walewale, hilo ni kweli, na ilifanya hivyo kwa makusudi: DVD ya Agosti ilikuwa tayari imebeba tangazo la ile ya Novemba. Lakini aliyenunua mara ya pili alipata kazi mpya.

Katika filamu ya kwanza nyongeza ni za kupendeza zaidi kuliko za lazima. Bilbo anaandika kitabu chake na kutueleza tabia za jamaa zake. Galadriel, bibi wa msitu, anagawa zawadi za safari, na Gimli, aliyeingia msituni mwake akimshuku, anamwomba unywele mmoja naye anampa mitatu. Ukivikosa hivi, hadithi bado inasimama.

Ya pili haisimami. The Two Towers ilikwenda kumbini Desemba 2002 ikiwa na dakika 179, na kwenye diski za Novemba 2003 ikafika 223. Ndani ya dakika hizo zilizoongezwa kuna familia nzima. Wapenzi wa kitabu cha Tolkien walitoka kumbini wakiwa na hasira juu ya Faramir. Kitabuni ni mtu muungwana anayeshinda tamaa ya Pete inayogombewa katika hadithi nzima. Kwenye filamu anawakamata Frodo na Sam, wanaoibeba Pete hiyo, na kuwaburuta hadi mji wa Osgiliath kwa ajili ya baba yake, bila sisi kumjua baba huyo wala kujua mwana anadaiwa nini. Toleo refu linaturudisha nyuma kwenye mji huohuo siku ulipokombolewa. Boromir, kaka yake, yu hai, anashangiliwa. Ndugu hao wawili wanacheka na kunywa. Kisha baba yao Denethor anafika, anampamba mkubwa kwa sifa, anamkejeli mdogo mbele yake, na kumtuma Boromir akailete Pete. Faramir anajitolea kwenda badala yake. Baba anamkatalia kwa dharau.

Kila aliyekulia katika nyumba ambamo mtoto mmoja alipendwa kuliko mwingine atalielewa tukio hilo bila tafsiri. Linamweleza Faramir, linamsafisha Boromir aliyekufa katika filamu ya kwanza, na linatuandaa kwa ukatili wa Denethor katika ya tatu. Katikati ya saa tatu za farasi na mishale, hili ndilo lililoonekana la ziada.

Lipo na jingine, fupi zaidi. Askari wa Harad, mtu wa kusini aliyekuja kupigana upande wa adui, anaanguka akiwa maiti. Faramir anamtazama na kujiuliza jina lake lilikuwa nani, kama kweli alikuwa mwovu, na ni uongo gani au vitisho gani vilivyomtoa kwao. Tolkien alimpa Sam mawazo hayo kitabuni. Filamu ya kumbini ilibaki na maiti, ikaacha swali. Mimi ni mtu wa kusini, na katika hadithi ambayo watu wa kusini huja wakiwa wamefunika nyuso na kufa kwa makundi, swali hilo lina uzito kwangu kuliko vita vyote vya ngome ya Helm vilivyomo katika filamu hiyo.

Mwaka wa tatu mkasi ulimfikia Christopher Lee, aliyemwigiza Saruman. Alikuwa na miaka 81, na ndiye pekee kati ya waigizaji wale aliyewahi kukutana na Tolkien. Novemba 2003 ilijulikana kwamba Saruman hatakuwamo kabisa katika filamu ya mwisho. Jackson alieleza kwamba tukio lile lilifanya mwanzo uonekane kama mkia wa filamu ya mwaka uliopita. Maelfu ya mashabiki walitia saini kulalamika. Lee hakuhudhuria uzinduzi wa Wellington tarehe 1 Desemba. Jackson amesimulia kwamba siku ya kupiga tukio la kisu, alipotaka kumwelekeza Lee namna ya kupiga kelele, mzee huyo, aliyekuwa vitani miaka ya 1940, alimwambia anajua sauti ya mtu anayechomwa mgongoni. Sauti aliyoichagua ilingoja mwaka mzima kabla ya kusikika.

Toleo hilo la dakika 251 lina makosa yake pia, na si kila kilichookotwa jalalani ni mali. Mbele ya lango jeusi anatoka mjumbe wa Sauron, mdomo mtupu wenye meno yaliyooza, kuwaonyesha vazi la Frodo na kuwavunja moyo. Aragorn, mfalme mtarajiwa, anasogea na kumkata kichwa. Mjumbe hauawi, hilo Tolkien alilijua, na katika kitabu chake mjumbe huyo anaondoka salama. Hapa mkasi wa kumbini ulilinda heshima ya mfalme, na diski ikaivunja.

Jackson mwenyewe hajawahi kuyaita matoleo hayo marefu kuwa ndiyo filamu zake halisi. Kwake yeye zilizotoka kumbini ndizo kamili, na nyingine ni zawadi kwa wapenzi. Natofautiana naye kwa heshima, walau kuhusu ya pili. Tena matendo yake yanamsaliti: mapema 2004, The Return of the King ilipokuwa imekwisha maliza mbio zake za tuzo, alirudi kupiga picha ya mafuvu yakiporomoka kwa ajili ya diski.

Baadaye desturi iligeuka kuwa utaratibu wa biashara. Filamu tatu za The Hobbit, kati ya 2012 na 2014, kila moja ilifuatwa na toleo refu mwaka uliofuata, na sehemu kubwa ya kilichoongezwa haikuwa na kidonda cha kuponya, maana hadithi ya kitabu kimoja chembamba ilikuwa imekwisha kuvutwa hadi saa saba na dakika 54. Na yale ya mwanzo yakazunguka yakarudi yalikokataliwa: Juni 2024 kumbi za Marekani zilionyesha matoleo marefu ya The Lord of the Rings, na watu wakalipa kukaa saa nne kwenye viti vilevile.

Na lile shimo la buibui? Mvulana mmoja wa Pukerua Bay, New Zealand, aliiona King Kong ya zamani kwenye televisheni akiwa na miaka tisa, na anasema siku hiyo ndiyo aliyoamua atatengeneza filamu. Mwaka 2005, filamu ya 1933 ilipotayarishwa kuingia DVD, Peter Jackson na mafundi wake walilijenga upya shimo lile kwa michoro na picha mnato zilizobaki. Walichonga wanasesere, wakawasogeza kidogo kidogo na kupiga picha moja moja, kama Willis O'Brien alivyoifanyia filamu ile zamani, kwa rangi nyeusi na nyeupe. Gogo linatikiswa, mabaharia wanaanguka, na baada ya miaka 72 buibui wanatoka tena gizani.